Serikali Ilipe, Isichague

Hii ni hotuba niliyoitoa Dar es Salaam katika Siku ya Kiswahili Duniani, mbele ya wafasiri, walimu na wachapishaji. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlionitangulia, wafasiri wenzangu, wachapishaji, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote kwa heshima.

Asubuhi hii tumesikia pendekezo lililopigiwa makofi marefu, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Tumeambiwa serikali ianzishe shirika lake la kutafsiri fasihi ya Kiswahili kwa lugha za dunia, vitabu vichapwe hapa hapa nchini na kusambazwa kupitia balozi zetu, ili Mfaransa, Mchina na Mmarekani wamsome Shaaban Robert bila kungoja hisani ya mtu. Ni pendekezo linalotia moyo. Lakini je, tumejiuliza ni nani waliolijaribu kabla yetu, na liliwafikisha wapi? Maana jambo hili si jipya. Lilifanywa kwa miaka mingi, kwa fedha nyingi na kwa watu hodari, na vitabu vyake vilifika hadi katika mitaa ya mji huu.

Kimoja nimekuja nacho. Hiki mnachokiona mkononi mwangu ni riwaya ya Maxim Gorky, *Mama*, kwa Kiingereza, iliyochapishwa Moscow na shirika la Progress. Kaka yangu aliinunua miaka ya sabini kwa bei ambayo hata mwanafunzi wa sekondari aliimudu. Jalada lake ni gumu, na mshono wake haujaachia mpaka leo, ingawa kimepita mikono ya watoto wa nyumba tatu. Ukurasa wa mwisho una ombi kwa wasomaji: shirika litafurahi kupata maoni yako juu ya kitabu, tafsiri yake na usanifu wake, pamoja na mapendekezo ya vitabu vingine. Kisha inafuata anwani: 17, Zubovsky Boulevard, Moscow.

Nikiwa na umri wa miaka 13 niliwaandikia. Nilijaza kurasa mbili za daftari la hesabu, nikimsifu Gorky na kulalamika kidogo kwamba majina ya Kirusi ni marefu mno. Barua haikutumwa, kwa sababu sikuwa na pesa ya stempu ya nje ya nchi, na kaka aliyeniahidi kuinunua akaenda zake JKT. Lakini tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ingefika, ingesomwa na nani? Na huyo msomaji wake angekuwa na uwezo wa kubadili nini?

Ndugu zangu, kila tunapozungumza habari ya serikali kuwachapishia wageni, naomba tuulize maswali mawili, wala tusichoke kuyarudia. Nani analipa? Nani anachagua?

Tuanze na Moscow, na tuanze kwa kuwapa haki yao. Kazi hii ilianza mwaka 1931 kwa jina la Shirika la Uchapishaji la Wafanyakazi wa Kigeni. Mwaka 1938 likabadilishwa kuwa Shirika la Lugha za Kigeni, na mwaka 1963 likawa Progress. Mwaka 1982 riwaya, hadithi fupi na vitabu vya watoto vilikabidhiwa kwa shirika jipya la Raduga, yaani Upinde wa Mvua. Kiswahili kilikuwemo katika orodha ya lugha zao, wakati ambapo wachapishaji wengi wa Ulaya hawakuona sababu ya kumtafutia Mswahili kitabu cha kusoma. Gharama ilibebwa na dola, ndiyo maana bei ya dukani haikuwa na uhusiano na bei ya karatasi, wino na jasho. Nani alilipa? Mlipakodi wa Kisovieti, ambaye hakuulizwa.

Waliotafsiri ni kina nani? Hapo kuna jambo la kujifunza. Nyuma ya ukurasa wa jina, kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani, kitabu hiki kinasema kimetafsiriwa na Margaret Wettlin. Kwa miaka mingi nilimdhania Mrusi. Kumbe alikuwa Mmarekani aliyekwenda kutazama nchi ile mwaka 1932, akakaa, akaolewa, na hakurudi kwao hadi mwaka 1980. Mwenzake katika kazi alikuwa Ivy Litvinov, Mwingereza, mke wa Maxim Litvinov aliyekuwa kamisaa wa mambo ya nje. Upande wa Kihindi, kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, alikaa Moscow Bhisham Sahni, mwandishi ambaye baadaye tungo zake mwenyewe zingemletea sifa kubwa India. Alihamishia katika Kihindi vitabu zaidi ya ishirini vya Kirusi, *Ufufuo* wa Tolstoy ukiwemo. Mnaona mpango ulivyokuwa? Kazi ilipewa mtu anayetafsiri kwenda katika lugha ya mama yake, mtu anayejua kicheko cha wasomaji wake kiko wapi na machozi yao yako wapi. Hilo walilifanya vizuri, na nitalirudia baadaye, kwa sababu sisi tuna tabia ya kudhani kwamba kwa kuwa Kiswahili ni chetu, basi na tafsiri yake kwa Kiingereza tuifanye wenyewe.

Sasa swali la pili. Nani alichagua?

Mwaka 1957, shirika hilo likiwa kazini, riwaya ya Boris Pasternak, *Daktari Zhivago*, ilitoka kwa mara ya kwanza duniani. Haikutoka Moscow, na wala haikutoka kwa Kirusi. Ilitoka Milan kwa Kiitaliano, kwa mchapishaji Feltrinelli, baada ya jarida kubwa la fasihi la Moscow kuikataa. Mwaka uliofuata Pasternak akatunukiwa Nobeli, akashinikizwa mpaka akaikataa. Nyumbani kwake riwaya hiyo haikuchapishwa hadi mwaka 1988. Tafakarini hali hiyo. Serikali ina shirika zima, lenye wafasiri wa lugha kwa makumi, ambalo kazi yake ni kuwapelekea wageni fasihi ya Kirusi, na kitabu cha Kirusi ambacho wageni wanakigombania ndicho kitabu ambacho shirika hilo haliwezi kukigusa.

(Na msidhani upande wa pili walikaa tu wakitazama. Mwaka 1958 shirika la ujasusi la Marekani lilichapisha Zhivago huyo huyo kwa Kirusi na kuwagawia wageni wa Kisovieti kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels; nyaraka zenyewe zilifunguliwa mwaka 2014. Kila mkubwa alikuwa mchapishaji kwa namna yake, na kila mmoja alikuwa na orodha yake.)

Shirika lenyewe halikuhimili kuanguka kwa dola iliyolilisha. Leo huko India wako wapenzi wanaovisaka vitabu vile katika maduka ya mitumba na kuviskani kurasa baada ya kurasa, kwa mapenzi tu. Wanachotafuta ni hadithi za wanyama zenye picha nzuri, Chekhov, na vitabu vya fizikia. Makusanyo ya hotuba za viongozi, ambayo yalichapwa kwa wingi wa kutisha, sijasikia mtu akiyalilia.

Twende Beijing, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Shirika la Uchapishaji la Lugha za Kigeni la Beijing liliwaajiri mume na mke, Yang Xianyi na Gladys Yang. Mume alisoma Oxford. Mke alizaliwa Beijing kwa wazazi Waingereza wamisionari, akasoma Kichina huko huko Oxford, akawa mtu wa kwanza kupata shahada ya somo hilo pale. Mkiuliza mfasiri kamili anafananaje, mimi nitawaonyesha watu hawa wawili katika chumba kimoja: mmoja akisoma Kichina na kutoa rasimu, mwingine akiing'arisha kwa Kiingereza cha kwao. Waliutafsiria ulimwengu hadithi za Lu Xun, mwandishi mkubwa wa China ya kisasa, mashairi ya kale, tamthilia na riwaya. Lakini wao walikuwa waajiriwa. Orodha iliandaliwa na wahariri, na wahariri walitazama upepo wa siasa unavuma kutoka wapi, hivyo mikono ile ile iliyomtafsiri Lu Xun ilipewa pia vitabu ambavyo Yang mwenyewe baadaye hakuficha kwamba havikustahili muda wao.

Mwaka 1968, katika Mapinduzi ya Utamaduni, wote wawili walikamatwa na kufungwa, kila mmoja peke yake, miaka minne. Waliachiwa mwaka 1972, wakarudi katika shirika lile lile, mezani kwao, wakaendelea na riwaya kubwa kuliko zote za Kichina, *Ndoto ya Majumba Mekundu*, ambayo juzuu zake tatu zilitoka kati ya mwaka 1978 na 1980. Mimi hushindwa kuipita sentensi hiyo bila kusimama. Dola inamfunga mfasiri, kisha inamrejesha kwenye ukurasa wake, kisha inauza kitabu kwa wageni kama ushahidi wa ukarimu wa utamaduni wake.

Wakati huo huo, kule Uingereza, David Hawkes alikuwa ameacha kiti chake cha uprofesa Oxford ili aitafsiri riwaya hiyo hiyo. Juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1973 kwa mchapishaji Penguin. Kitabu kimoja, Kiingereza kimoja, wachapishaji wawili: mmoja wa dola inayotaka kusomwa, mwingine wa nchi inayotaka kusoma. Niwape mfano mmoja mdogo, maana wafasiri hatushibi bila mfano.

Katika sura ya 6 yumo bibi mmoja maskini, Liu. Baridi inakaribia, ghala ni tupu, mkwe wake amelewa na anaifokea familia. Bibi anamwambia waende wakajaribu bahati kwa jamaa zao matajiri mjini, na anatumia methali: kupanga jambo ni kazi ya mtu, kulifanikisha ni kazi ya Mbingu. Akina Yang, wakiwa Beijing, waliiacha Mbingu ibaki Mbingu. Hawkes aliiondoa, akamweka Mungu, kwa sababu msomaji wake Mwingereza anayo methali hiyo tayari mdomoni, na Mungu yumo ndani yake. Wapo wanaosema Hawkes amembatiza bibi wa Kichina bila ridhaa yake. Wapo wanaosema akina Yang wamewaachia wasomaji mfupa bila nyama. Gladys mwenyewe, kwa unyenyekevu usio wa kawaida katika kazi yetu, alikiri kwamba tafsiri yao ilifuata neno kwa neno kupita kiasi, na akamsifu Hawkes.

Sisi tungefanyaje? Naona midomo inacheza. Mtasema: "Mtu hupanga, Mungu hupangua." Imekaa vizuri, ina mlio, kila mtu anaijua. Lakini sikilizeni bibi anasema nini. Bibi Liu anamwinua mkwe wake: tupange, tuweke juhudi yetu, huenda juu wakatufungulia. Methali yetu inasemwa baada ya mambo kuharibika, mtu akiwa amekaa na tama shavuni. Ukiitumia hapo, umelifunga lango ambalo bibi alikuwa analifungua. Mimi ningejaribu kitu karibu na "tujisaidie, na Mola atatusaidia", halafu ningelala na wasiwasi. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na kamati. Unafanywa na mtu mmoja anayelijua sikio la msomaji wake, na akikosea anakosea kwa jina lake.

Niwasimulie kingine cha Beijing, kinachochekesha kidogo. Sidney Shapiro alikuwa Mmarekani wa Brooklyn aliyefika China mwaka 1947 na kuchukua uraia wake mwaka 1963. Alipewa kazi ya kutafsiri riwaya ya kale ya watu 108 waliokimbilia kinamasini na kupambana na maofisa wala rushwa. Alitaka kuiita *Mashujaa wa Kinamasi*. Bahati mbaya, mwaka 1975 Mao aliikosoa riwaya hiyo na kiongozi wa kundi lile, Song Jiang, akatangazwa kuwa ni mtu aliyesalimu amri kwa mfalme. Kundi la kina Jiang Qing, mke wa Mao, halikutaka kusikia neno mashujaa. Shapiro akapendekeza neno la Kiingereza *outlaws*, linalomtaja mtu aliyetupwa nje ya ulinzi wa sheria. Wakubwa waliona ni lawama, wakaridhika. Hawakujua kwamba kwa msomaji aliyekulia na visa vya Robin Hood, yule mwizi wa hadithi za Kiingereza anayewapora matajiri na kuwapa maskini, neno hilo linanukia huruma na hata sifa. Kitabu kikatoka mwaka 1980 na jina hilo, na mpaka leo kinauzwa nalo. Nampenda sana Shapiro kwa hila hiyo. Lakini je, tunataka kujenga shirika ambalo mfasiri wake mzuri ni yule anayejua kumzunguka mwajiri?

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika*, habari za msichana wa Ukerewe, baba mkali, na yale yanayompata anapotoka nje ya fimbo ya baba huyo. Ilichapishwa na East African Literature Bureau, taasisi ya pamoja ya serikali zetu za Afrika Mashariki. Kisha ikapigwa marufuku mashuleni kwa kuwa imezungumza waziwazi mambo ya mwili. Serikali kwa mkono mmoja imechapa, kwa mkono mwingine imezuia! Sisemi haya kumsema mtu. Wazee wale walikuwa na hofu zao kuhusu mabinti zao, na hofu nyingine zilikuwa za kweli. Nauliza tu: kama mwaka 1972 tungekuwa na shirika la kupeleka fasihi yetu ng'ambo, kamati yake ingeichagua *Rosa Mistika*? Tusidanganyane. Ingechagua kitabu kinachosifu kijiji, kina picha ya jembe jaladani, na balozi angekigawa kwenye karamu.

Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Mwaka 2025 *Rosa Mistika* ilitoka kwa Kiingereza, ikatafsiriwa na Mmarekani, Jay Boss Rubin, na kuchapishwa na Yale University Press. Nani alichagua? Mtu aliyejifunza Kiswahili, akaisoma, akashindwa kuiacha. Ilichukua zaidi ya miaka 50. Hapo ndipo ninapokubaliana na mzungumzaji wa asubuhi: miaka 50 ni mingi mno kumsubiri mtu mmoja apende.

Kwa hiyo fedha za umma zina kazi. Korea Kusini walianzisha mfuko wa kutafsiri fasihi yao mwaka 1996, ukawa taasisi kamili mwaka 2001. Taasisi hiyo huwalipa wafasiri, huwafunza vijana wa kigeni wanaokijua Kikorea, na huwachangia wachapishaji wa nje. Lakini kitabu hutoka kwa mchapishaji wa nchi inayokisoma, ambaye ameweka na fedha zake, na ambaye kisiponunuliwa ataumia. Huyo ndiye msomaji wa barua yangu ya daftari la hesabu. Yeye asiposikia, anafilisika.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkidhani Korea wamemaliza. Katika utawala wa Rais Park Geun-hye, aliyeondolewa madarakani mwaka 2017, iligundulika kuwa serikali ilitunza orodha ya siri ya maelfu ya wasanii wa kunyimwa misaada, na maofisa wakubwa walihukumiwa kwa ajili yake. Jina la Han Kang liliripotiwa kuwamo. Mwandishi huyo huyo mwaka 2024 alipata Nobeli. Hata mkono unaolipa tu unaweza kuficha kalamu nyekundu kwenye kiganja.

Mimi ningeiomba Wizara mambo ya kawaida kabisa. Itenge fedha ya sura za mfano, ile kazi ya kurasa thelathini au arobaini ambayo mfasiri huifanya bure ili amshawishi mchapishaji. Mchapishaji wa nje akishasaini mkataba, imchangie ujira wa mfasiri, na fedha ipite moja kwa moja kwa mfasiri. Iwalete vijana wa kigeni wakae Makunduchi, wakae Ukerewe, wasikie maneno yakitoka vinywani kabla ya kuyaona kitabuni. Na kabla ya yote hayo, irudishe madukani vitabu vyetu wenyewe. Mwaka jana mgeni mmoja aliniomba nimtafutie riwaya tano za miaka ya sabini. Nilizunguka Kariakoo, nikazunguka Posta, nikapata mbili, na ya pili ilikuwa fotokopi isiyo na ukurasa wa 88. Tutamwambia nani asome tafsiri, ikiwa asili yenyewe inasomwa kwa kukisia ukurasa uliopotea?

Kuhusu uchaguzi, ningependa utaratibu uwe butu kiasi cha kuchosha: mchapishaji yeyote wa nje mwenye mkataba halali na mfasiri mwenye kazi ya kuonyesha apate mchango kwa zamu ya maombi, fedha ikiisha wangoje mwaka ujao, na pasiwe na safu ya fomu inayouliza kitabu kinaeleza nini juu ya taifa. Vitatoka vitabu ambavyo mimi sivipendi. Vitatoka vitabu vitakavyotutia aibu mbele ya wageni, na Pasternak aliwatia watu wa kwao aibu ya namna hiyo pia.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona umeshaishika kengele. Niko tayari kwa maswali, na nadhani la kwanza linatoka kwa yule ndugu wa Wizara aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja fomu. Asanteni kwa kunisikiliza.